Thrila yangu iliwalaza watu kibandani. Nimekosea wapi?

"Mwalimu, salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi na wenzangu tumetengeneza filamu ya thrila ya dakika 94. Niliuza pikipiki yangu ili tuimalize. Stelingi ni Wandera, mtu wa bodaboda. Kila Ijumaa shemeji yake, ambaye ni wakala wa kutoa mizigo forodhani, humpa kifurushi akivushe kwa njia za panya kabla mpaka haujafungwa saa sita usiku. Kuna watu wanamfukuza, kuna bunduki, kuna giza. Nimeficha kila kitu hadi dakika tano za mwisho. Hapo ndipo mtazamaji anajua kwamba kifurushi kina dhahabu, kwamba shemeji ndiye bosi wa genge, na papo hapo binti wa Wandera, mtoto wa miaka minane, anapigwa risasi na kufa. Tuliionyesha kwenye kibanda cha video. Katikati watu walikuwa wanachati, wengine walilala kabisa. Mwishoni hawakushtuka, walikasirika, na mzee mmoja akadai arudishiwe pesa yake. Rafiki yangu mmoja anasema kosa ni kamera na kwamba thrila haiwezekani bila pesa nyingi. Mwingine anasema niongeze mapigano. Nisaidie: sheria za thrila ni zipi, na je, filamu yangu inaokoleka?"

Ndugu yangu wa Busia, pole kwa pikipiki. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza: inaokoleka. Sijaiona, nahukumu kwa maelezo yako, lakini ndani ya maelezo hayo kuna filamu nzuri kuliko ile uliyoionyesha.

Nikikusikia vizuri, watu walilala katikati na wakanuna mwishoni, na wewe unaona hayo ni maradhi mawili. Mimi naona moja. Umewanyima watazamaji habari walizohitaji ili waogope. Ulidhani thrila ni kuficha, na wengi wanaoniletea miswada wanadhani hivyo hivyo. Wanafunga kila dirisha, kisha wanashangaa mbona mtu aliye ndani hatazami nje.

Kamera tuiondoe mezani upesi. Isaac Nabwana anatengeneza filamu zake Wakaliga, hapa Kampala, kwa vifaa vya kuungaunga, bunduki za kuchomelea na majirani kama waigizaji, na filamu yake ya mwaka 2010 imetazamwa hadi nchi ambazo hakuna anayejua Wakaliga iko wapi. Zile ni filamu za mapigano na kicheko, wala si thrila, lakini zinatosha kuonyesha kwamba mtu hasinzii kwa sababu ya lenzi. Husinzia akiwa hana analolisubiri.

Na hilo linamjibu pia rafiki yako wa mapigano. Katika filamu ya mapigano raha iko kwenye ngumi yenyewe, inavyorushwa na inavyotua. Filamu ya kutisha inakuweka mbele ya uovu ambao hata kuutazama ni kazi. Filamu ya upelelezi inaanza na maiti, kosa limeshatendeka, na sisi tunarudi nyuma kumtafuta aliyelitenda. Thrila macho yake yako mbele. Kuna jambo baya linakuja, halijafika bado, na mtu tunayempenda yuko njiani kulikuta. Waliosoma fasihi ya Kiswahili shuleni wanalijua jina lake: taharuki. Ukiongeza ngumi mahali ambapo hakuna linalosubiriwa, utapata kelele, na watu wakishazoea kelele wanalala vizuri zaidi. Muulize yeyote aliyewahi kupanga chumba karibu na kinu cha kusaga.

Sasa taharuki inatengenezwaje? Wewe umekulia vibandani, kwa hiyo mwalimu wa jambo hili ulikuwa naye tangu utotoni: vijei. Huyu jamaa mwenye maikrofoni anayepunguza sauti ya filamu ya Wachina au Wamarekani na kutusimulia kwa Kiganda, huku akiongeza chumvi na pilipili zake, sisi tulimchukua kama mkalimani tu. Kumbe anafanya kazi kubwa zaidi. Nilipokuwa kijana niliona filamu moja mara mbili katika kibanda kimoja cha Kisenyi. Siku ya kwanza maikrofoni ilikuwa imekufa, tukaitazama hivyo hivyo. Kuna mwanamke anapita sokoni na kikapu, stelingi ananunua matunda, wanaongea, wanacheka, kisha mwanamke anatoa bastola. Tulishtuka, ndiyo. Tukasema "aah!" na ikaisha. Siku ya pili vijei alikuwepo. Mwanamke alipoonekana tu mwanzo wa soko, vijei akashusha sauti: "Huyu mama mwenye kikapu mnamwona? Leo hakuja kununua nyanya." Akanyamaza. Basi kibanda kizima kilisimama. Stelingi akichagua embe, watu wanapiga kelele "Geuka! Geuka nyuma!" Akicheka na yule mama, watu wanashika vichwa. Picha zilikuwa zile zile, urefu ule ule. Vijei aliifichua siri ya mwongozaji, na kwa kuifichua akatupa dakika nzima za jasho mahali ambapo mwenye filamu alitupa sekunde moja.

Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1899, alilieleza jambo hilo kwa mfano wa bomu alipohojiwa na mwongozaji Mfaransa François Truffaut mwaka 1962. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga porojo, ghafla bomu linalipuka chini ya meza: mtazamaji amepata mshtuko wa sekunde 15. Lakini mwonyeshe kwanza bomu likiwekwa. Ajue kwamba litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo. Porojo ile ile inakuwa dakika 15 za mateso, maana mtazamaji anatamani kuwaambia waache upuuzi watoke humo. Kilichobadilika ni kile anachokijua aliyeketi kwenye benchi.

Hitchcock huyo huyo, kabla hajawa mkongwe, alifanya kosa lililo karibu sana na lako. Katika filamu yake moja ya mwaka 1936 mtoto anatumwa kupeleka mzigo ng'ambo ya mji. Hajui kwamba ndani kuna bomu, sisi tunajua. Anachelewa njiani, anazubaa na mambo ya barabarani kama mtoto yeyote, anapanda basi, saa inakwenda, na bomu linalipuka naye anakufa. Taharuki yenyewe ilikuwa imejengwa vizuri. Watazamaji walichukia, na yeye mwenyewe baadaye alikiri kwa Truffaut kwamba alikosea kumuua mtoto yule. Hofu ya sinema ni kama mkopo wa SACCO. Unapomfanya mtu amhofie mtoto kwa dakika nyingi umemkopa pumzi yake, na anategemea utamrudishia kwa kumwacha ashushe mabega. Usipolipa anaona ameibiwa. Yule mzee aliyedai pesa yake mlangoni nafikiri alikuwa anadai deni halali, ingawa simwambii arudi.

Kwako kuna la ziada. Nimesoma barua yako mara tatu nikimtafuta binti, na anatokea katika sentensi moja tu, ya kufa. Kama kwenye filamu ni hivyo pia, basi watu hawakumlilia kwa sababu hawakuwahi kutambulishwa kwake. Walionyeshwa maiti ya mtoto wa mtu.

Tuifungue filamu sasa. Onyesho la mwisho, pale shemeji anapojulikana, lichukue ulipeleke karibu na dakika ya kumi na mbili. Shemeji yuko peke yake usiku, anafungua kifurushi, anapima dhahabu kwenye mizani ndogo, na anamwambia mtu kwenye simu kwamba kijana akikamatwa, yeye hamjui. Basi. Baada ya hapo nenda Jumapili mchana nyumbani kwao. Kuku amechinjwa, shemeji anakatakata nyama, na firigisi anamwekea Wandera kwenye sahani mbele ya watu wote, heshima kubwa. Wandera anafurahi, mke wake anafurahi. Sisi tumekwisha kuona mizani. Hakuna bunduki hapo, hakuna giza, gharama yake ni kuku mmoja, na nakuahidi hakuna atakayetoa simu mfukoni. Binti naye mweke mapema juu ya tangi la pikipiki, kama watoto wanavyobebwa kila siku Busia. Ijumaa moja yeye ndiye ashike kifurushi mapajani, na awe na tabia ile ya watoto ya kutaka kujua ndani kuna nini. Anaanza kufungua kamba. Afande yuko mbele kwenye njia. Unaona inavyojiandika yenyewe?

Ukishafanya hivyo utagundua kwamba dhahabu yenyewe haina maana kubwa. Hitchcock kitu kinachogombaniwa alikiita MacGuffin: wahusika wako tayari kuuana kwa ajili yake, mtazamaji hajali hata kama kingekuwa mawe. Kwa hiyo kuificha hadi dakika ya tisini ilikuwa kazi ya bure. Kinachotushika ni Wandera atakuwa nani akigundua, na mke wake atasimama upande gani, wa kaka au wa mume.

Umeniuliza sheria. Nyingine zote ni wajukuu wa hiyo moja, ya kumpa mtazamaji habari kabla ya hatari kufika, na sitakuorodheshea kama mtihani, ila mbili tatu zinagusa filamu yako moja kwa moja.

Thrila inahitaji saa inayokwenda, na mtazamaji lazima aiamini. Saa yako, ndugu yangu, ni mbovu. Unasema Wandera anakimbizana na mpaka kufungwa saa sita usiku, na umeionyesha filamu hiyo Busia, kwa watu wa Busia, ambao wanajua kwamba mpaka wao unafanya kazi usiku na mchana! Kile kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2018 hakizimi taa saa sita. Tena anapita njia za panya. Lango likifungwa au lisifungwe, kwake kuna tofauti gani? Nina hakika kuna waliokuachia filamu pale pale. Tafuta saa nyingine: basi la Nairobi ambalo mnunuzi amepanda na halitamsubiri, au mapambazuko, maana kukikucha njia ile inaonekana na kila mtu. Mimi ningechukua mapambazuko, kwa sababu anga likianza kuwa jeupe kila mtu anaelewa bila neno.

(Na kwa kuwa uko Busia: neno bodaboda lenyewe lilizaliwa huko mpakani, kwa wale wa baiskeli waliokuwa wakiwaitia abiria wa kuvuka. Filamu ya mtu wa bodaboda anayevusha kitu asichokijua imerudi nyumbani kwao. Itumie nafasi hiyo, hata kwa mzee mmoja tu anayekumbuka baiskeli.)

Simu ni tatizo la kila thrila ya siku hizi. Kila Wandera akiwa hatarini mtazamaji anauliza, si apige simu? Usijibu kwa kumfanya aisahau nyumbani, huo ni uvivu. Wewe una jibu ambalo mwandishi wa Kampala hana: mpakani simu inarukia mtandao wa upande wa pili. Anapiga, haipiti, salio halitoshi, anasogea hatua kumi kutafuta mtandao wa kwao, na hatua hizo kumi zinamtoa kichakani alikojificha. Ajuaye mpaka ataguna, asiyejua atajifunza.

Adui naye asiwe mjinga. Katika thrila adui anamzidi stelingi kwa akili, pesa au watu, na vizuri zaidi akiwa na sababu ambayo hata sisi tunaielewa. Shemeji wako ana vyote, na juu yake ana undugu. Huwezi kumpiga ngumi mtu aliyemsomesha mke wako.

Sasa tupime njia zako kwa uaminifu, maana hakuna isiyo na hasara. Ukitaka kuishikilia siri hadi mwisho, unaweza, lakini itakuwa filamu ya upelelezi: Wandera aanze kuchunguza, apate dalili, akosee, amshuku asiyehusika. Hilo linataka maonyesho mengi mapya, na pesa ya pikipiki imeisha. Ukifichua yote mapema, unapata taharuki kwa gharama ndogo, lakini utapoteza ule mshtuko wa mwisho uliouota, na wapo watakaotoka wakijigamba kwamba walijua tangu mwanzo. Waache, watarudi na marafiki. Mimi ningefichua karibu yote na kubakiza siri moja ndogo: kwamba Wandera naye alikwisha kugundua zamani, na vifurushi viwili vya mwisho alivyovusha vilikuwa na kokoto. Siri ya namna hii inakubalika kwa sharti moja: mtu akiitazama filamu mara ya pili aone dalili zilikuwepo mbele ya macho yake. Wandera anapima kifurushi mkononi na kutabasamu kidogo. Mifuko ya koti imetuna. Ukidanganya bila kuacha dalili, kibanda hakitakusamehe, na hakitakosea.

Kuhusu binti, ningemwacha hai. Najua kuna hoja upande wa pili, kwamba maisha hayana huruma na mpakani watoto hufa kweli. Ikiwa kifo chake ndicho ulichokusudia kusema tangu siku ya kwanza, basi kiandike, lakini kije mapema na filamu iliyobaki ikibebe. Kumuua dakika ya mwisho ili watu washtuke ni kumtumia tu.

Mengi ya haya yatafanyika mezani kwa mhariri kabla hujashika kamera tena. Hamisha onyesho la kufichuliwa. Kata zile mbio. Nakisia zina dakika kumi na zaidi, acha nne. Halafu sauti. Wengi mnaweka muziki wa hofu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikio likishazoea halisikii tena. Uondoe. Acha jenereta la jirani liungurume nyuma ya mazungumzo ya shemeji, kisha lizimike ghafla. Ukimya ule unamkaba mtu koo kuliko ngoma yoyote. Maonyesho mapya unayohitaji kupiga ni mizani, kuku, na binti kwenye tangi, labda siku tatu za kazi.

Kuna mahali ambapo barua haitoshi. Usirudi kupiga picha usiku karibu na mpaka ukiwa na bunduki za bandia kabla ya kwenda mwenyewe polisi, kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji), na kwa wakuu wa mpakani ikiwa eneo ni lao, ukapata ruhusa kwa maandishi na ukawatajia siku na saa. Askari wa doria gizani hana namna ya kujua kwamba bunduki yako ni ya mbao, na mwigizaji wako hatapata nafasi ya kumweleza. Pikipiki zikimbizwe na waendeshaji wazoefu wenye helmeti, polepole, mwendo utauongeza kwenye uhariri. Na mtoto wa miaka minane asipigwe picha usiku bila mzazi wake kusimama pale pale. Kama alipolala chini kujifanya amekufa baadaye alianza kuota vibaya, ongea na wazazi wake na mpelekeni kwa mshauri wa watoto, filamu isubiri. Uhariri nao tafuta mtu wa kukaa naye bega kwa bega siku mbili, hapo Busia, Jinja au uje huku Kampala na diski yako. Mimi naweza kukuambia uondoe nini. Dakika na sekunde hasa zinaonekana mkiwa wawili mbele ya skrini.

Ukimaliza, irudishe kwenye kibanda kile kile, na yule mzee mwingize bure. Wewe usitazame filamu. Kaa mbele chini ya skrini, uwageukie watu, uwe na saa na karatasi, uandike dakika ambayo mtu wa kwanza anatoa simu mfukoni. Nitumie karatasi hiyo, tutaanzia hapo.